Kuhamisha, kusalimisha, kukataa fungu: ijue karatasi kabla ya kuachia haki yako ya ardhi

Katika karatasi nyingi za familia na za mauziano ya ardhi Tanzania Bara kuna sentensi isiyokosekana: "Mimi niliyetia saini hapa chini naachia haki zangu zote na sina madai." Inasikika nzito. Kisheria, ikiwa peke yake, haijasema mengi. Unaachia haki ipi? Unamwachia nani? Kuanzia lini? Anayemuuzia jirani kiwanja, anayeirudishia serikali miliki yake, anayekataa fungu la mirathi, na mke anayekubali mumewe aweke nyumba rehani benki, wote wanne wanaweza kuandika maneno hayohayo, na kila mmoja akawa amefanya jambo lisilofanana na la mwenzake.

Mwongozo huu unaongozwa na swali moja: haki ikitoka kwako, inakwenda kwa nani? Ukishalijibu, aina ya karatasi unayoihitaji itajulikana. Yanayofuata ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Hatua ya 1: Taja kwanza unachokishika

Ardhi yote ni mali ya umma, nayo iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura ya 114), zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Kwa hiyo ulicho nacho wewe ni haki ya kuimiliki na kuitumia ardhi hiyo, na haki hiyo ina sura zake. Unaweza kuwa na hati iliyotolewa kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99. Unaweza kuwa na hatimiliki ya kimila kijijini, au leseni ya makazi mjini, ambayo ni ya muda mfupi. Wengi hawana hata kimojawapo: wana karatasi ya mauziano, mashahidi na miaka ya kukaa hapo.

Halafu kuna mtu ambaye anasubiri tu. Baba amefariki, mirathi haijafunguliwa, lakini kijana ameshaanza kuzungumza na dalali kuhusu "sehemu yangu". Mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama na mgawanyo ufanyike, hakuna kipande cha ardhi chenye jina la kijana huyo. Mwenye mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu ni msimamizi. Na kama baba bado yu hai, basi kijana hana hata cha kusubiri. Huwezi kuuza wala kukataa mirathi ya mtu anayepumua.

Andika kwenye karatasi yako: namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati kama ipo, au mipaka na majirani kama eneo halijapimwa. Andika pia kama haki ni yako peke yako au mko wengi. Bila hayo, hatua zinazofuata hazina pa kusimama.

Hatua ya 2: Uliza haki inakwenda kwa nani

Hapa ndipo penye kazi. Chukua muda.

Inakwenda kwa mtu uliyemchagua mwenyewe. Huko ni kuhamisha miliki, iwe kwa kuuza au kwa zawadi, yaani hiba. Haki inatoka kwako na kumwingia yule mtu kama ilivyokuwa, pamoja na masharti yake: matumizi yaliyoruhusiwa, miaka iliyobaki kwenye hati, kodi ya pango la ardhi. Kama hati yako ya miaka 33 imebakiza 9, mnunuzi ananunua 9.

Hiba huwachanganya watu na wosia, na mchanganyiko huu umevunja undugu mwingi. Mama anaandika: "Nyumba hii nimempa binti yangu, ataichukua nikishafariki." Je, ametoa zawadi au ameusia? Kwa maneno hayo ameusia, maana kinachotolewa kitaanza kazi baada ya kifo, na mama anaweza kuufuta au kuubadili wosia wake siku yoyote akiwa hai na mwenye akili timamu. Zawadi hufanya kazi sasa. Kwa Waislamu hiba hukamilika kwa mambo matatu: mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe. Mtoaji akiendelea kushika hati, kupokea kodi za wapangaji na kuamua kila kitu, ndugu watakuwa na hoja ya kusema hiba haikutimia. Wosia wa Kiislamu nao una mipaka: hauzidi theluthi moja ya mali, na haumpi mrithi mmoja zaidi ya wenzake bila ridhaa yao. Kwa hiyo anayetaka kumpa mtoto nyumba kweli, ampe akiwa hai na amkabidhi. Anayetaka kubaki na uamuzi mpaka mwisho, aandike wosia na auite wosia.

Inarudi kwa mamlaka iliyoitoa. Huko ni kusalimisha miliki. Unamrudishia Kamishna wa Ardhi, au halmashauri ya kijiji kama ni haki ya kimila, na kuanzia hapo huna sauti juu ya nani atapewa. Wengi husalimisha si kwa sababu wameichoka ardhi, bali kama daraja la kupita: unataka kukigawa kiwanja kimoja kuwa viwili, au kuunganisha viwanja, unairudisha hati ya zamani ili upewe hati mpya. Hilo ni jambo la kawaida ofisi za ardhi. La kuangalia ni kwamba maombi ya kurudisha na maombi ya kupewa upya yaende pamoja, na maandishi yaseme wazi kwamba unasalimisha kwa ajili ya kugawa. Kusalimisha hakufuti deni la kodi ya pango ulilokwisha kulimbikiza, na ardhi iliyowekwa rehani hairudishwi kimyakimya huku benki haijui.

Kijijini, sheria imeweka kinga ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji: usalimishaji wa haki ya kimila uliofanywa ili kumnyima mwanamke haki yake ya kuikalia ardhi ile haumwondolei haki hiyo. Mume aliyekasirika hawezi kwenda kwa mwenyekiti "kurudisha shamba" ili mke aliyebaki nalo akose pa kulima.

Inakwenda kwa warithi wenzako. Sasa tuko kwenye kukataa fungu, kuachia fungu na kutoka kwenye mirathi kwa makubaliano. Watu huyaita yote "kusamehe", nami naona neno hilo ndilo linaloficha mambo.

Kukataa fungu maana yake huligusi kabisa. Linabaki ndani ya mali ya marehemu na kugawanywa kwa waliobaki kwa utaratibu unaotawala mirathi ile. Huwezi kulikataa na papo hapo ukaamuru liende kwa mdogo wako wa mwisho. Ukitaka limwendee yeye, basi hujalikataa. Umelipokea na kumpa. Hiyo ni hiba ya fungu lako, na iandikwe hivyo: fungu lipi, kwa nani, bila malipo. Katika sheria ya Kiislamu jambo hili limekaa wazi zaidi, kwa sababu fungu la mrithi humwingia kwa kufa tu kwa marehemu, atake asitake. Kinachobaki mikononi mwake ni kulitoa. Anaweza pia kufanya takharuji: anakubaliana na wenzake apewe kitu fulani, tuseme fedha au gari, kisha anatoka, nao wanabaki na nyumba. Takharuji ina malipo ndani yake. Kama karatasi haitaji ulichopewa, umejitoa mikono mitupu.

Na usichanganye urithi na usimamizi. Aliyetajwa kwenye wosia kuwa msimamizi anaweza kuikataa kazi hiyo na fungu lake likabaki palepale. Vilevile, anayesaini ridhaa kwamba kaka mkubwa ateuliwe kuwa msimamizi hajamwachia kaka chochote. Amekubali tu kaka akusanye mali, alipe madeni, agawe. Msimamizi si mmiliki, hata kama jina lake litaandikwa kwenye daftari la ardhi kwa wadhifa huo. Ukiona muhtasari wa kikao cha familia unaanza na uteuzi wa msimamizi na kumalizia na "nasi wengine hatuna madai juu ya nyumba", hayo ni mambo mawili yaliyoshonwa pamoja. Omba yatenganishwe. Na karatasi ya mahudhurio, ile inayozungushwa watu wakiwa bado wanakunywa chai, iwe na kichwa kinachosema ni mahudhurio, maana saini zake huweza kuambatishwa kwenye muhtasari ambao hukuusoma.

Haiendi kokote. Ziko karatasi zinazofanana na kuachia, kumbe haki inabaki kwako. Ridhaa ya mwenza ni moja. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Unaposaini ridhaa hiyo kwa ajili ya mkopo, umekubali rehani ile moja. Hujasema kwamba nyumba si yako pia. Lakini usiichukulie kama karatasi ya kupita, kwa sababu mkopo usipolipwa benki inaweza kuiuza nyumba, na ridhaa yako ndiyo itakayokuwa imeifungulia njia.

Nyingine ni hati ya kumpa mtu uwakilishi. Aliye mbali humpa ndugu mamlaka ya kumfuatilia hati, kukusanya kodi ya nyumba, wakati mwingine hata kuuza. Ndugu anatenda kwa niaba yako tu. Hatari iko kwenye upana wa maneno: "kufanya jambo lolote kuhusu kiwanja changu" humpa mtu funguo zote. Andika kazi moja moja, na kama hutaki auze, andika kwamba hana mamlaka ya kuuza.

Ya mwisho ni kusamehe dai. Mpangaji amekiuka sharti la mkataba nawe ukaliacha lipite, au jirani amevuka mpaka kwa miezi michache mkayamaliza. Umesamehe kosa lile, hukugawa ardhi. Liandike hivyo: "nasamehe kodi ya miezi mitatu iliyopita", wala usiandike "sina madai tena juu ya eneo hilo".

Inakuponyoka bila kusaini. Kuna kutelekeza, na kuna kukaa kimya mpaka muda ukaisha. Kwa mwenye hati, dalili zinazotajwa na Sheria ya Ardhi ni kama kudaiwa kodi kwa miaka isiyopungua 2, au kuondoka nchini bila kuacha mtu wa kuangalia na bila kumjulisha Kamishna. Kijijini, kutoitumia ardhi kwa kipindi kisichopungua miaka 5 kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuitelekeza. Ardhi iliyopumzishwa kwa kilimo, na malisho ya mfugaji anayehama kwa desturi, yana maelezo yake. Haitokei usiku mmoja: taarifa hutolewa na mwenye haki hupewa nafasi ya kujieleza. Shida ni kwamba taarifa huenda kwenye anwani ya zamani.

Ukomo wa muda ni mkali zaidi. Kesi ya kudai ardhi ina miaka 12 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda (Sura ya 89). Anayelikalia eneo lako waziwazi, bila ruhusa yako, kwa muda wote huo, anaweza kukushinda hata kama hukuwahi kumwandikia mstari mmoja. Uliyemkaribisha mwenyewe ni jambo jingine. Mwalikwa hageuki kuwa mmiliki kwa kukaa sana. Basi ukimpa mtu shamba alime, mwandikiane kwamba ameruhusiwa kulima tu.

Hatua ya 3: Tafuta nani mwingine lazima akubali

Kabla ya kusaini, piga hesabu ya watu. Mwenza, kama ni nyumba ya ndoa. Wamiliki wenzako: mkimiliki kwa mafungu, huwezi kumuuzia mtu wa nje fungu lako bila ridhaa ya wenzako, ingawa nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Benki, kama kuna rehani. Halmashauri ya kijiji, kama ni haki ya kimila; na hiyo ni halmashauri nzima, si mwenyekiti akiwa nyumbani kwake na muhuri mfukoni. Mjini, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi mzuri, lakini si msajili wa hati, na muhuri wake haumhamishii mtu miliki.

Watoto wadogo waangalie kipekee. Mtoto ambaye hajafika umri hawezi kuachia fungu lake, na mzazi kulitoa "kwa niaba yake" ili wakubwa waelewane ni kutoa kisicho chake.

Hatua ya 4: Soma maneno, kisha yaandike upya

Mkataba wa kuuza au kuhamisha ardhi unapaswa kuwa kwa maandishi. Lakini maandishi yenyewe yaweza kukuangusha. Tafuta kitenzi. Kama karatasi inasema "nahamisha", lazima kuwe na jina la anayehamishiwa. Kama inasema "nasalimisha", lazima kuwe na mamlaka inayopokea na sababu. Kama inasema "nakataa fungu", pasiwe na jina la mpokeaji. Likiwepo, hiyo ni zawadi iliyovaa jina jingine. Kama inasema "naridhia", kuwe na tendo moja mahususi linaloridhiwa, na tarehe.

Halafu futa maneno "haki zangu zote" popote yalipo na uweke haki yenyewe. Linganisha hizi mbili. "Naachia haki zangu zote katika mali za marehemu baba." Na hii: "Nampa dada yangu fungu langu katika kiwanja namba fulani, kitalu fulani; fungu langu katika shamba na fedha zilizoko benki linabaki kwangu." Ya pili ni ndefu na ina ukavu, lakini miaka kumi baadaye hakuna atakayeitafsiri anavyotaka.

Maneno "kwa hiari yangu bila kushurutishwa" yaacheni yakae, hayadhuru. Ila hayathibitishi chochote kama ulisaini saa tano usiku msibani ukiwa umezungukwa na wajomba. Chukua nakala, nenda nayo kwa wakili asiye wa upande wowote katika familia, rudi siku nyingine. Anayekataa usiondoke na nakala amekwisha kukujibu swali lako.

Hatua ya 5: Pitisha penye kodi na penye daftari

Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura ya 334) iko wazi: hakuna uhamisho, usalimishaji wala kufuta haki kunakokamilika mpaka kusajiliwe. Mkataba uliosainiwa mbele ya wakili na kuachwa kabatini unawafunga waliosaini, lakini daftari la Msajili wa Hati bado linasoma jina la zamani.

Uhamisho hupita kwa mthamini, Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha ofisi ya ardhi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ina kiwango cha msingi cha asilimia 10, nayo hukatwa kwenye faida, si kwenye bei yote, ndiyo maana risiti za kununulia na za ujenzi zinafaa kutunzwa. Hiba isikudanganye kwamba huna haja ya kufika TRA. Thamani hupimwa hata kama hakuna shilingi iliyobadilisha mikono. Kwenye mirathi, miliki huandikwa kwanza kwa msimamizi, kisha yeye ndiye anayewahamishia warithi kwa mgawanyo uliopelekwa mahakamani.

Kama umeshasaini

Usisubiri kikao kingine. Mahakama ya Mwanzo hutarajia msimamizi awasilishe orodha ya mali na hesabu, fomu namba V na VI, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Pingamizi linalofika kabla ya hapo hushughulikiwa ndani ya jalada lilelile la mirathi, na ni rahisi kuliko kuja kutengua mgawanyo uliokwisha pokelewa na jalada kufungwa. Nenda na nakala ya ulichosaini, eleza kwa maandishi ulivyoelewa ulikuwa unasaini nini, na taja mashahidi.

Kama ardhi imesajiliwa, omba kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili isihamishwe wakati shauri linaendelea. Kama haijasajiliwa, mpelekee barua mwenyekiti wa mtaa au halmashauri ya kijiji na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na ile miaka 12 iweke akilini: kwa ardhi ya marehemu, muda huanza kuhesabiwa tangu siku ya kifo chake, si tangu siku ulipogundua kwamba karatasi ya mahudhurio ilitumika vingine.